Mwalimu Yuko Moshi, Kinanda Kiko Sebuleni

Ukitaka kujua ndoa ya vijana wa mjini inaendaje, usiulize wanapendana kiasi gani. Uliza jioni zao zikoje. Wengi wetu tunatoka nyumbani kabla jua halijachomoza, tunarudi saa mbili usiku tukiwa hoi kwa foleni, tunakula, halafu kila mtu anashika simu yake. Ugomvi hakuna. Maongezi nayo hakuna. Mwaka wa tatu wa ndoa yetu, mimi na mume wangu tulikuwa tumefika hapo, na kwetu ukimya huo ulikuwa na sababu ambayo hakuna aliyetaka kuitaja: kila mtu alikuwa anasubiri mtoto, na mtoto alikuwa hajaja.

Kipindi hicho ndipo nilipoamua kujifunza kinanda nikiwa nyumbani, kwa masomo ya kutumiwa kutoka mbali.

Msomaji, najua unachowaza. Kinanda, kwa mtu wa miaka 31, tena mwalimu hayupo? Niliulizwa hivyo hivyo ofisini na nyumbani. Leo ni mwezi wa kumi na nne, na sijawa mpiga kinanda hodari, bado sana. Ila nimejifunza jambo moja ambalo ningependa kila mwenye mwenzi alijue kabla ya kuanza masomo ya aina hii: mwalimu akiwa mbali, yule unayeishi naye ndiye anayegeuka kuwa darasa lako. Akikubali, utajifunza. Akikataa, hata kinanda cha mamilioni kitaishia kuwa meza ya kuwekea maua.

Jambo hili si geni

Watu wengi wanadhani kusoma kwa mbali kumeletwa na intaneti. Wala! Mwaka 1840, Uingereza ilipoanza kutumia stempu ya peni moja, Isaac Pitman alianza kufundisha hatimkato kwa barua. Mwanafunzi anaandika zoezi, analituma, Pitman analisahihisha na kulirudisha. Kwetu Tanzania, maelfu ya walimu wa miaka ya 1970, wakati wa kampeni ya elimu ya msingi kwa wote, walisomea ualimu huko huko vijijini kwa vijitabu vya posta na vipindi vya redio. Chuo Kikuu Huria kikafuata mwaka 1992, na leo si ajabu kukutana na mtu mwenye digrii ambaye alisoma huku akiendelea na kazi yake na kulea watoto.

Muziki nao ulikuwemo mapema. Huko Marekani, U.S. School of Music ilifundisha piano kwa posta, na katika miaka ya 1920 mwandishi wa matangazo John Caples aliiandikia tangazo ambalo wanafunzi wa fani hiyo wanasimuliwa mpaka leo. Ni kisa cha kijana anayekaa kwenye piano mbele ya marafiki kwenye sherehe. Wanamcheka, anaanza kupiga, wanabaki midomo wazi. Alijifunzia wapi? Nyumbani, kwa posta.

Tangazo zuri. Lakini lina kitu halikisemi. Kabla ya usiku ule wa sherehe kulikuwa na miezi mingi ya mkono mmoja kurudia nota tano zile zile, na kulikuwa na watu ndani ya nyumba ile waliosikia yote hayo. Hao ndio tangazo limewasahau.

Pesa kwanza

Tuanze na kitu kinachovunja mipango mingi ya wapenzi. Tulikuwa tunaweka akiba ya kiwanja, na kila shilingi ilikuwa na kazi yake. Kinanda nilichokiona Kariakoo, kilichotumika lakini kizima, kilikuwa laki sita na nusu. Nilipomwambia mume wangu, aliweka kijiko chini.

"Mke wangu, hicho kinanda kitatupigia tofali?"

Sikubishana naye. Zamu yangu ya mchezo pale ofisini ilikuwa inakuja baada ya miezi miwili, na katika mchezo ule kila mmoja huwa anajinunulia kitu chake. Wengine hununua vitenge, wengine friji. Mimi nikasema changu kitakuwa kinanda, na akiba ya kiwanja haitaguswa hata senti. Akakubali, japo kwa shingo upande.

Kilichouma zaidi ni maneno ya mama mkwe alipokuja kututembelea. Nilimpa shikamoo, akaitikia, macho yake yakatua pale kwenye kona ya sebule. Akauliza taratibu, "Mwanangu, hapa si ndipo palikuwa pa kitanda cha mtoto?" Hakuwa na nia mbaya. Lakini usiku ule si mimi si mume wangu tuliyezungumza. Alienda kulala mapema, mimi nikakaa mbele ya kinanda kilichozimwa.

Kijitabu kwa basi

Mwalimu wangu ni mzee mstaafu aliyepiga kinanda kanisani kwa miaka mingi huko Moshi. Nilimpata kupitia mwanakwaya mwenzangu wa zamani. Utaratibu wake ni wa kizamani, na ndio ulionivutia. Kila baada ya wiki tatu anatuma kijitabu cha kurasa nane, kilichotolewa fotokopi, ndani ya bahasha ya kaki, kwa basi. Mimi nakwenda kukichukua kwenye ofisi ya vifurushi, nalipa nauli ya bahasha, nakirudisha nyumbani kama mtu aliyepokea barua ya posa. Ada yake ni elfu arobaini kwa mwezi.

Katikati ya kijitabu na kijitabu, namtumia video mbili kwa WhatsApp. Anazisikiliza, anajibu kwa sauti, na kijitabu kinachofuata kinakuja na maelezo ya kalamu nyekundu yanayonihusu mimi: "Kifundo cha mkono wa kushoto kinashuka." "Unakimbia kwenye mstari wa tatu." "Kidole cha nne ni kivivu, kipe kazi."

Hapo kwenye kalamu nyekundu ndipo tofauti ilipo. Mwenzangu mmoja ofisini alilipia kozi ya mtandaoni yenye video kibao, zilizopigwa vizuri kweli. Lakini hakuna aliyewahi kuiangalia mikono yake. Alipiga kwa vifundo vilivyokaza miezi mitatu, mpaka vikaanza kumuuma, akaacha. Video inaweza kukuonyesha mkono wa mwingine. Haiwezi kuuona wako. Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza swali moja tu: nani atanisahihisha, na kila baada ya siku ngapi?

Kutoka solfa hadi mistari mitano

Kama ulipitia kwaya, una mtaji usioujua. Wengi wetu tuliimba kwa solfa, zile herufi d, r, m, f, s, l, t ambazo Mwingereza John Curwen alizieneza katika karne ya 19, akijenga juu ya kazi ya mwalimu Sarah Glover, kisha wamisionari wakazileta huku. Sikio lako tayari linajua umbali kati ya "do" na "so". Hilo peke yake wengine huchukua miezi kulipata.

Ugumu unakuja pale unapoingia kwenye nota za mistari mitano. Katika solfa, "do" inahama. Wimbo ukiwa kwenye C, "do" ni C. Ukihamia G, "do" inakuwa G. Kwenye mistari mitano mambo hayako hivyo: kila nota ina mahali pake, na mahali hapo ni ufunguo mmoja tu kwenye kinanda. Ndiyo maana ukipiga wimbo wa G ukitumia funguo nyeupe tupu, "ti" inasikika imeanguka. Inabidi uache F nyeupe na kubonyeza ule mweusi ulio kulia kwake. Niliposhika jambo hili nilipiga kelele sebuleni kama mtu aliyeona bao.

Mengine ya mwanzo ni haya. Piano kamili ina funguo 88, nyeupe 52 na nyeusi 36. Kinanda changu kina 61, na kwa mwaka wa kwanza hizo zinatosha kabisa. Vidole vina namba: dole gumba ni 1, kidole kidogo ni 5, mikono yote miwili. Ukipanda C hadi C kwa mkono wa kulia, unapiga 1, 2, 3, halafu dole gumba linapita chini ya kidole cha kati na kuanza upya: 1, 2, 3, 4, 5. Inaonekana rahisi hivi kwenye karatasi. Mimi ilinichukua siku kumi na moja kuifanya bila kiwiko kuruka kama bawa la kuku.

Na kuna kanuni ya mwalimu isiyo na mjadala: mkono mmoja kwanza, polepole, mapigo 60 kwa dakika, yaani pigo moja kwa sekunde. Mikono inakutanishwa pale tu kila mmoja unapoweza kwenda peke yake huku ukiongea na mtu. Nusu saa kila siku inashinda saa nne za Jumamosi, na kuna sababu yake. Watafiti wa ubongo wameonyesha kwamba ujuzi wa mikono unaendelea kujipanga tukiwa tumelala. Ukifanya mazoezi kila siku, unaupa ubongo usiku saba za kupanga. Ukifanya Jumamosi tu, umeupa usiku mmoja.

Hedifoni nusura zitutenganishe

Sisi ni wapangaji, ukuta mmoja na jirani, na jirani ana mtoto mchanga. Kwa hiyo kupiga kinanda saa tatu usiku bila hedifoni lisingekuwa jambo la kiungwana. Nilizivaa kila siku, na kwa upande wa majirani tatizo likaisha. Kwa upande wa nyumbani ndiyo likaanza.

Hebu fikiria anachokipata aliyekaa kwenye kochi. Muziki hausikii. Anachosikia ni vidole tu, tak-tak-tak-tak, kama mtu anayechapa kwenye kompyuta. Mkewe amempa mgongo, masikio ameyaziba, anatabasamu kwa kitu ambacho yeye hakipati. Nusu saa nzima. Kila siku.

Wiki ya tano akaja akasimama pembeni yangu. Nilivua hedifoni.

"Wewe umepata pa kwenda," akasema. "Mimi nabaki hapa."

Nilidhani anazungumzia kinanda. Kumbe alikuwa anazungumzia ile kona, kitanda cha mtoto, maneno ya mama yake, kliniki tulizokwenda mara mbili na kuacha kuzitaja. Tuliongea mpaka saa saba usiku. Kwa mara ya kwanza alisema kwamba na yeye huulizwa, kazini, kijiweni, kwenye harusi za watu, na kwamba huwa anacheka na kubadilisha mada. Nami nikamwambia kwamba ile nusu saa ndiyo sehemu pekee ya siku yangu ambapo nikijitahidi, naona matokeo. Mambo mengine yote tuliyokuwa tunayasubiri hayakuwa mikononi mwetu. Nota nane zilikuwa mikononi mwangu.

Tukakubaliana. Hedifoni dakika ishirini, halafu dakika kumi za mwisho natoa waya, sauti chini, na yeye anasikiliza. Si lazima asifie. Asikilize tu.

Mpiga picha wangu

Kilichobadilisha mambo zaidi ni zile video. Mwalimu anataka aone mikono yote miwili, vifundo na viwiko, kutoka ubavuni, si kutoka mbele. Simu ukiiegemeza kwenye kikombe haionyeshi. Inatakiwa mtu wa kuishika. Na mtu huyo, ndani ya nyumba ya watu wawili, ni nani?

Mwanzoni alikuwa anarekodi huku anaangalia mpira. Baadaye akaanza kunihesabia: moja, mbili, tatu, nne. Halafu siku moja, kabla sijatuma video, akasema, "Hii usitume. Umekimbia kwenye mstari wa tatu." Nilimbishia. Tukairudia kuisikiliza pamoja, na kweli nilikuwa nimekimbia. Mume wangu hajui nota hata moja, lakini alikuwa ameusikia wimbo ule mara mia, na sikio lake lilikuwa limeshajua mahali pigo linapokaa.

Sasa kijitabu kikifika, huwa anakifungua yeye kwanza kutafuta kalamu nyekundu inasemaje. Kuna mmoja ambao mwalimu aliandika pembeni, "Mpiga picha asogee kushoto kidogo." Alicheka siku nzima. Alikuwa ameandikiwa na yeye.

Umeme ukikatika, kinanda chetu kinakubali betri sita kubwa. Usiku wa giza namna ile, hakuna televisheni, simu zinaisha chaji, dakika kumi huwa zinafika arobaini bila mtu kuhesabu.

Mtihani bila kutoka nyumbani

Wengine watauliza, mwisho wa haya yote ni cheti gani? Vipo. Bodi ya ABRSM ya London, iliyoanzishwa mwaka 1889, ina madaraja manane ya vitendo, kuanzia la 1 hadi la 8. Tangu mwaka 2020 imekuwa na mtihani wa kutuma video: unapiga vipande vinne mfululizo bila kukata, kila kimoja kina alama 30, na onyesho zima lina alama nyingine 30. Jumla 150, kufaulu ni 100. Kabla hujalipa, soma masharti yao kuhusu aina ya kinanda kinachokubalika, maana funguo nyepesi za kinanda cha kawaida hazifanani na za piano, ambayo kila ufunguo wake unarusha nyundo ndogo igonge nyuzi.

Mwalimu anaona naweza kujaribu daraja la 1 baada ya miezi michache, kwa piano ya kanisani. Mimi sina haraka. Mpiga picha ndiye mwenye haraka.

Kama na nyinyi mnataka kujaribu

Anzeni na pesa, mezani, kabla ya kwenda dukani. Pesa ikitoka kwenye fungu ambalo wote mmelikubali, hakuna atakayerushiwa maneno siku masomo yakiwa magumu.

Chagueni kinanda chenye funguo za ukubwa wa kawaida, zinazotoa sauti kubwa ukibonyeza kwa nguvu na ndogo ukibonyeza taratibu. Vile vyenye taa nyingi na midundo mia mbili acheni kwa watoto.

Kiti kiwe na urefu ambao viwiko vinalingana na funguo. Kiti cha plastiki na mto mmoja vinatosha.

Pangeni saa moja isiyobadilika. Sisi ni saa tatu usiku, baada ya kula. Aliyekosa leo asilipize kesho kwa saa mbili. Aendelee tu.

Mwenzako asiyesoma apewe kazi: kushika simu, kuhesabu, kugeuza ukurasa. Mtu mwenye kazi haoni kama ameachwa.

Na hedifoni zitoke kabla ya kulala, hata kama ni kwa wimbo mmoja wenye makosa.

Hatujapata mtoto bado. Kliniki tumerudi, safari hii wote wawili tukiwa tumekaa kwenye benchi moja, na mama mkwe sasa akija huniomba nimpigie wimbo wa Krismasi hata kama ni Juni. Ninapiga kwa mikono miwili, polepole, na mwanawe anahesabu.

Wewe je? Mwenzako ana kitu gani anachokipenda ambacho hujawahi kukaa chini dakika kumi ukakisikiliza? Muulize leo jioni, kabla hamjashika simu.